Je, Wajua Kwa Nini Maziwa Hayakatiki Penye Mbatata?

Mpishi yeyote aliyewahi kuyaacha maziwa motoni akageukia jambo jingine ayajua maradhi yake: hupanda, huungua, na mara hukatika, yakawa maji upande mmoja na vibonge vyeupe upande wa pili. Jibini, ambayo asili yake ni hayo hayo maziwa, ina maradhi mabaya zaidi, kwani moto ukiizidi hukazana na kuwa ngumu ya kutafunwa kwa taabu, huku mafuta yake yakijitenga na kuelea juu. Walakini kipo chakula kimoja ambacho ndani yake maziwa, malai na jibini hukaa tanurini zaidi ya saa nzima, yakitokota polepole pamoja na vipande vyembamba vya mbatata, na mwisho wake hutoka mchuzi mzito na mlaini, usio na kibonge, umefunikwa ukoko wa rangi ya dhahabu. Wafaransa hukiita gratin, na aghlabu hupakuliwa kando ya nyama au kuku wa kuoka. Sababu kubwa ya kusalimika kwake motoni ni mbatata yenyewe, au tuseme viazi ulaya, kwa ule wanga ambao wapishi wengi huumwaga pamoja na maji ya kuoshea.

Kwao gratin hasa ni Dauphiné, jimbo la zamani la kusini-mashariki mwa Ufaransa, lipandalo kutoka bonde la mto Rhône hadi milima ya Alps. Jina la chakula hiki hutajwa kwanza katika habari za karamu ya mjini Gap ya tarehe 12 Julai 1788, ambapo Duke Charles-Henri wa Clermont-Tonnerre, luteni jenerali wa jimbo hilo, aliwaandalia wakuu wa mji mbatata hizi pamoja na ndege wadogo waitwao ortolan. Wakati wenyewe haukuwa wa raha: tarehe 7 Juni ya mwaka huo huo watu wa Grenoble walikuwa wamepanda mapaani wakiwavurumishia askari wa mfalme vigae, na mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yakaanza. Mbatata nayo ilikuwa bado ngeni kwenye meza za watu wa heshima. Asili yake ni milima ya Andes, ilikolimwa kwa maelfu ya miaka kabla ya Mhispania yeyote kuitia machoni. Ulaya ilifika katika karne ya 16, lakini Wafaransa wengi waliihesabu kuwa chakula cha nguruwe, mpaka Antoine-Augustin Parmentier, mfamasia wa jeshi aliyelishwa mbatata alipokuwa mfungwa wa Waprusia katika Vita vya Miaka Saba, alipoitetea kwa bidii isiyochoka, na mwaka 1772 matabibu wa chuo cha Paris wakakiri kwamba yalika bila ya madhara. Miaka 16 baadaye tunaikuta mezani pa duke.

Watu wa Dauphiné walio wakali wa mila hawatii jibini kabisa: mbatata, maziwa, malai, kitunguu saumu na chumvi, basi. Jirani zao wa Savoie ndio watiao jibini ya Beaufort, na mahali pa maziwa hutumia supu ya nyama. Majumbani, hata huko huko Ufaransa, njia hizi mbili zimekwisha changanyika siku nyingi, nami naziona zimechanganyika kwa haki, kwa maana mbatata ni pole mno kwa ladha, na jibini ndiyo iipayo ukali inaoukosa.

Tuitazame sasa mbatata kwa karibu. Takriban sehemu nne katika tano za uzito wake ni maji, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni wanga, uliohifadhiwa ndani ya seli katika chembe ambazo, zikilinganishwa na za nafaka, ni kubwa ajabu: chembe ya wanga wa mchele haifikii sehemu moja katika mia ya milimita, ilhali ya mbatata yaweza kufika sehemu moja katika kumi. Kata kipande chembamba, ukiache kidogo juu ya ubao, kisha upitishe kidole. Utakuta majimaji meupe yenye kuteleza, na yakikauka huacha unga laini ubavuni mwa kisu. Huo ndio wanga uliotoka katika seli zilizopasuliwa na makali. Joto likifika nyuzi 60 hivi za Sentigredi, chembe hizo huanza kunywa maji, huvimba kupita kiasi chake cha kwanza mara nyingi, kisha hulegea na kutoa nyuzi ndefu ziitwazo amilosi, ambazo hutapakaa katika maziwa na kuyafanya mazito. Nyuzi hizo, pamoja na chembe zilizovimba, huingia baina ya protini na matone ya mafuta, zikavizuia visikutane. Na visipokutana haviwezi kushikamana, na visiposhikamana maziwa hayakatiki. Malai nayo husaidia, kwa kuwa ina mafuta mengi na protini chache za kushikamana, lakini mlinzi mkuu ni wanga.

Kwa hiyo ile desturi ya kuloweka mbatata majini baada ya kuzikata, ifaayo sana kwa chipsi, hapa ni hasara tupu. Mbatata na ioshwe ikiwa nzima, imenywe, ifutwe kwa kitambaa, ikatwe, na kutoka ubaoni iende moja kwa moja katika maziwa. Sijui kosa jingine katika chakula hiki liharibulo zaidi ya hilo, na huharibu kwa sababu ya usafi uliowekwa mahali pasipo pake.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa wanga huiva kwa nyuzi 60, mbona mbatata hubaki ngumu? Ni kwa sababu kuta za seli zimegandishwa pamoja kwa pektini, nayo hailegei vyema mpaka joto likaribie la maji yachemkayo. Fauka ya hayo, maziwa yana kalsiamu, na kalsiamu huikaza pektini. Ndiyo maana mbatata iliyo katika maziwa hukawia kuiva kuliko iliyo katika maji matupu. Mwenye haraka na apike kitu kingine.

Mbatata si za tabia moja. Ziko zenye wanga mwingi, ambazo zikichemshwa hupasuka na kuwa unga, na ziko zenye wanga haba, ambazo hushikana na kukatika safi kwa kisu. Njia ya kuzitambua ni nyepesi: koroga kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, uitumbukize mbatata: ya unga, kwa uzito wa wanga wake, huzama, na ile nyingine huelea. Kwa tanuri mimi huchagua izamayo, kwani kipande cha unene wa milimita 3 hakivunjiki upesi, na mchuzi hupata uzito bila ya kuongezwa unga wa ngano. Zile zilizogeuka kijani kwa kukaa juani ziwekwe kando, maana hujaa sumu iitwayo solanini, ambayo haiondolewi kwa kupikwa. Wala mbatata zisiwekwe katika jokofu, kwa kuwa baridi kali hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, zikaungua rangi kabla ya kuiva.

Jibini yataka uchaguzi vilevile. Protini iliyo kuu ndani yake ni kaseini, na vifurushi vyake vimeunganishwa kwa kalsiamu. Joto likifika nyuzi 32 hivi mafuta ya jibini huyeyuka, na vitone huonekana usoni pake. Likiendelea kupanda, vifungo baina ya protini hulegea, na jibini hutiririka: ya chedda kwenye nyuzi 65 hivi, ya Parmesan, iliyo kavu, hungoja mpaka zaidi ya 80. Ikizidishiwa moto baada ya hapo, protini hurudi kukumbatiana, zikakamua maji na mafuta nje. Jibini zigandishwazo kwa ndimu au siki, mathalani paneer ya Wahindi, haziyeyuki hata zikikaa motoni siku nzima, kwa kuwa ile asidi imekwisha iondoa kalsiamu, na protini zimefungamana zenyewe kwa zenyewe. Nzuri kwa mchuzi, lakini hapa hazina kazi. Zifaazo ni Gruyère, Comté, Emmental, chedda isiyo kuukuu sana, au Gouda. Watu wa Goma wanayo yao karibu, jibini ya Masisi, iliyo ya jinsi ya Gouda, itengenezwayo katika malisho ya milima ambayo mbatata nazo hustawi.

Kwa watu sita chukua kilo 1 ya mbatata, nusu lita ya maziwa, robo lita ya malai, gramu 150 za jibini iliyokwaruzwa, punje ya kitunguu saumu, siagi kidogo, chumvi, pilipili manga, na kungumanga ya kuparuzwa hapo hapo, ambayo shamba za Unguja hutoa iliyo njema. Tia maziwa, malai, chumvi na viungo katika sufuria pana, ongeza vipande vya mbatata, na upashe kwa moto mdogo kwa muda wa dakika 10 ukigeuza kwa mwiko wa mti. Itazame ile sufuria: mwanzoni maziwa huchuruzika katika mwiko yakauacha mtupu, kisha, ghafla, huanza kuushika, na ukipitisha kidole mgongoni mwa mwiko njia yake hubaki wazi. Hapo wanga umekwisha fanya kazi yake, na tangu hapo maziwa hayana hatari kubwa. Mimina vyote katika bakuli la kuokea lililosuguliwa kwa kitunguu saumu na kupakwa siagi, kina chake kisizidi sentimita 5, changanya ndani theluthi moja ya jibini, na uoke kwa nyuzi 160 kwa muda wa saa moja, mpaka kisu kipenye bila ya kuzuiwa.

Ndipo jibini iliyosalia inyunyizwe juu, na joto liongezwe mpaka 200 kwa dakika 15. Haifai kuinyunyiza mapema. Kote ambako maji yapo, joto la chakula halipiti nyuzi 100, na jibini iliyo chini i salama. Lakini uso wa juu hukauka, ukapanda mpaka 140 na kuzidi, na hapo protini na sukari ya maziwa huungana katika ule mmenyuko alioueleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, uzaao rangi ya hudhurungi na mamia ya harufu ambazo hazikuwemo kabla. Dakika 15 huzaa ukoko. Saa nzima huzaa mkaa.

Asiye na tanuri asikate tamaa, kwa maana wapikao mkate wa kumimina kwa kupalia makaa wanayo maarifa yote yanayohitajika. Sufuria nzito yenye mfuniko bapa iwekwe juu ya makaa machache yaliyoanza kushika jivu, na mengine kiasi hicho hicho juu ya mfuniko. Na mbatata zikishaiva, jibini inyunyizwe, makaa ya chini yaondolewe karibu yote, na ya juu yaongezwe yaliyo mekundu.

Kikitoka motoni kiache dakika 15 kabla ya kukipakua, kwani wanga huzidi kushika kadiri unavyopoa, na kipande hutoka kizima badala ya kumwagika. Kitakacholala mpaka kesho yake huwa kigumu, kwa kuwa zile nyuzi za amilosi hujipanga upya na kukaza. Kikatwe vipande vya mraba, kinyunyizwe vijiko viwili vya maziwa, kifunikwe, na kipashwe kwa moto mdogo mpaka katikati yake pawe moto.