Usiku wa Kuamkia Mtihani: Ubongo Unahitaji Nini?

Katika mabweni mengi ya shule za sekondari nchini, wiki za mwisho kabla ya mtihani wa kidato cha nne zina taswira inayojulikana: taa haizimwi, daftari limefunuliwa, na miguu ya mwanafunzi imezamishwa katika beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue. Mwanafunzi huyo husifiwa kwa bidii. Kitaalamu, hata hivyo, usingizi anaoufukuza ni sehemu ya kazi yenyewe ya kujifunza.

Jambo jipya linalosomwa mchana hushikiliwa kwanza kwa msaada wa hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo, kulia na kushoto. Kumbukumbu hiyo bado ni tete. Wakati wa usingizi mzito, ubongo huzirudia shughuli za neva zilizotokea mchana, na hatua kwa hatua kumbukumbu hupata makao ya kudumu katika gamba la ubongo. Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwakaririsha vijana wawili orodha za silabi zisizo na maana. Vijana hao walikumbuka zaidi walipolala baada ya kukariri kuliko walipokaa macho kwa muda uleule. Watu wawili ni wachache mno, lakini tafiti nyingi zilizofuata zimeunga mkono matokeo hayo.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ratiba ya bweni inayomlaza saa tano usiku na kumwamsha saa kumi alfajiri inampa saa 5 tu, na hapo lawama haimhusu mwanafunzi.

Tatizo la pili ni namna ya kusoma. Wengi hurudia kusoma ukurasa uleule hadi maneno yanapoteleza kwa urahisi, wakadhani wameelewa. Urahisi huo hutokana na mazoea ya macho. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliwapa wanafunzi matini fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika lililoyakumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tu waliongoza, asilimia 83 dhidi ya 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walikumbuka asilimia 40, ilhali waliojipima walikumbuka 61. Si ajabu, basi, kwamba mkesha huwaridhisha wanaoukesha.

Mwanafunzi anayejifunza mzunguko wa damu, kwa mfano, afunge daftari na kuchora moyo katika karatasi tupu, aonyeshe damu inavyotoka ventrikali ya kulia kwenda mapafuni na kurejea upande wa kushoto, kisha afungue na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Afanye hivyo tena kesho yake, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Mara ya kwanza atakosea mno, na wengi huacha hapo kwa kukata tamaa, ingawa jitihada ile ya kutafuta jibu ndiyo inayoimarisha kumbukumbu. Njia hii huwafaa hasa wanafunzi wanaogawana kitabu kimoja, kwa kuwa zamu ya kitabu ikipita kazi inaendelea.

Wapo wanaolala vya kutosha na kusoma ipasavyo, lakini hawashiki. Uoni hafifu, upungufu wa damu na sonona huathiri umakini, na vyote huweza kuonekana kama uvivu. Mtoto wa aina hiyo apelekwe kituo cha afya mapema, miezi kadhaa kabla ya mtihani, akapimwe macho na wingi wa damu, na aulizwe, faraghani, kuhusu hali yake ya nyumbani na shuleni.