Maulidi ya Lamu yataka kamera gani?

Mfungo Sita ukiingia, Lamu hujaa wageni wanaokuja kwa Maulidi, na shughuli zote huuzunguka Msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh. Siku hizi wageni hao huja na kamera za kila aina, na vijana wanaoanza kazi ya kupiga picha huniuliza wanunue ipi.

Mimi huwajibu kwa kuwaonyesha kanzu. Siku ya zefe wanaume na wanafunzi wa madrasa hupita wamevaa nyeupe, matari mikononi. Kamera inayojipimia mwanga huuona weupe wote ule, ikadhani jua limezidi, ikapunguza mwanga. Kanzu hutoka kijivu na nyuso hugeuka giza. Ukiongeza mwanga hatua moja nyuso hurudi, lakini kamera ya dijitali huanza kuunguza weupe: darizi ya kifuani hufutika, na vitundu vya kofia ya viua, kazi ya sindano ya miezi, havionekani tena.

Hapo ndipo ninapoitetea filamu. Filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi, hivyo uso na darizi hukaa pamoja katika picha moja. Lakini roli ina picha 36 tu, na zefe haimngoji mtu abadilishe roli. Simu nayo isidharauliwe. Huunganisha picha kadhaa kwa mbonyezo mmoja ili kusawazisha kivuli na jua, na kwenye kivuli cha vichochoro hufanya kazi nzuri ajabu.

Vichochoro vyenyewe vinataka lenzi ya milimita 28 au 35, kwa kuwa nyuma yako kuna ukuta na huna pa kurudi. Mbio za punda za Maulidi, ukingoni mwa bahari, ni kinyume chake: beba milimita 200. Wengi hukimbilia kasi ya 1/1000 ya sekunde, punda akaganda kama sanamu. Jaribu 1/60, umfuate mpanda punda kwa kamera tangu hajakufikia mpaka akupite. Yeye atatoka wazi na umati nyuma yake utakuwa mistari ya rangi. Picha nyingi zitaharibika. Ile moja itakayofaa itakuwa na mbio ndani yake.

Kirumbizi, mchezo wa bakora, ni habari nyingine. Bakora zinapogongana unataka kuwa karibu, na kamera kubwa yenye lenzi ndefu huwafanya wachezaji wakuchezee wewe badala ya kuchezeana. Kamera ndogo mkononi, baada ya salamu na mazungumzo, hupata mchezo wenyewe.

Na kwenye mikusanyiko ya wanawake, mwenyeji akisema hakuna picha, kamera zote zina thamani sawa: zikae mkobani.

Linaloniuma ni picha za mji huu kuondoka na boti, waliopigwa wasizione kamwe. Lamu ilikuwa na studio yake, Bakor, na watu walitoka pale na picha zao mkononi. Ukimpiga picha mpanda punda, chukua namba yake, umtumie jioni ile ile kabla hujaiweka mtandaoni. Mwenye filamu aisafishe, aichape, aitume Lamu kupitia yeyote anayesafiri.