Lewa: Ranchi ya Familia Iliyogeuka Hifadhi

Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, katika mashamba ya watu binafsi na ardhi za jamii, na kwa sababu hiyo uhai wao hutegemea uamuzi wa mwenye ardhi sawa na unavyotegemea sera ya serikali. Kisheria mnyama ni mali ya dola, na uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977. Lakini nyasi anazokula na njia anayopita huweza kuwa milki ya familia moja. Ugumu unaotokana na hali hiyo unaonekana vizuri Lewa, katika Kaunti ya Meru, kaskazini mwa Mlima Kenya.

Familia ya Craig ilianza kufuga ng'ombe hapo katika miaka ya 1920, enzi ambazo walowezi walipewa ardhi kubwa na serikali ya kikoloni, na swali la haki lililoachwa na enzi hizo lingali linayaandama mashamba ya namna hii hata pale yanapotumika kwa jambo jema. Kilichobadili mkondo wa ranchi hiyo ni kifaru mweusi. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na takriban vifaru weusi 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ujangili, yaani uwindaji haramu, ulikuwa umewapunguza hadi chini ya 400. Anna Merz, mwanamke aliyejitolea kuwaokoa, aliiomba familia hiyo ardhi, na David na Delia Craig wakakubali kutenga ekari 5,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Eneo hilo liliongezwa baadaye, hata mwaka 1995 ranchi yote ikawa hifadhi, ambayo leo ina takriban ekari 62,000.

Kumlinda kifaru ni kazi ya kila siku na ya gharama kubwa. Askari wa wanyamapori humtambua kila mmoja kwa alama zilizokatwa masikioni mwake, na wasipomwona kwa muda humtafuta. Uzio wa umeme husaidia, ila nao huleta tatizo jipya, kwa kuwa tembo huhama kufuata mvua na malisho, na akizuiwa huvunja uzio au huvamia mashamba. Ndiyo maana uzio wa Lewa umeachiwa mapengo yenye vizuizi vya kimo kifupi, ambavyo tembo huvivuka kwa kunyanyua miguu lakini vifaru hushindwa. Mwaka 2011 ilianza kutumika pia njia ya chini kwa chini inayopita chini ya barabara kuu ya Nanyuki hadi Meru, ili tembo wa Mlima Kenya waufikie msitu wa Ngare Ndare na Lewa bila kukutana na magari. Miaka mitatu baadaye uzio uliotenganisha Lewa na Borana, hifadhi jirani iliyoanzishwa na familia nyingine, uliondolewa, na vifaru wa pande mbili wakapata eneo moja.

Hata hivyo, uamuzi mzito kuliko yote haukuhusu uzio. Mwaka 1995 usimamizi ulikabidhiwa shirika lisilolenga faida, maana yake ni kwamba mapato hurudishwa katika kazi badala ya kugawiwa wenye hisa, na mamlaka ya mwisho yakawa ya bodi. Familia inayoshikilia kila uamuzi huiacha hifadhi ikitegemea afya, deni na maelewano ya warithi. Urithi ukigawanywa, vipande huuzwa, na mnyama hana haki ya kupinga mahakamani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliitambua rasmi hifadhi ya mtu binafsi na ya jamii kuwa matumizi halali ya ardhi, jambo lililokuwa limechelewa mno. Mwaka huohuo UNESCO iliiongeza Lewa pamoja na Ngare Ndare katika eneo la urithi wa dunia la Mlima Kenya.

Majirani ndio wapimaji wakali wa mpango wote. Lewa husaidia shule, zahanati na miradi ya maji katika vijiji vinavyoizunguka, na fedha hutoka kwa wafadhili na kwa wageni wanaolala katika kambi chache zilizomo. Idadi ya wageni huwekewa mipaka kwa makusudi, na gharama ya kulala humshinda Mkenya wa kawaida. Huo ni upungufu wa kweli, hata kama sababu yake inaeleweka, kwani mtu hutetea kwa moyo kile alichowahi kukiona.

Nafuu mojawapo ni mbio za masafa marefu zinazofanyika ndani ya hifadhi karibu kila mwaka tangu 2000, kwa kawaida mwezi wa Juni, huku askari na helikopta wakichunga njia na mapato yakipelekwa katika elimu, afya na uhifadhi. Nafasi zina kikomo, hivyo msomaji anayetaka kukimbia huko ajiandikishe mapema, na afanye mazoezi mahali pa mwinuko, kwa maana Lewa iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari.