Kwa wanaokwenda kusoma Kanada

Mpango wa WUSC, ulioanza mwaka 1978, hukupeleka Kanada ukiwa mkazi wa kudumu, si mgeni wa viza ya masomo. Kwa hiyo unaruhusiwa kufanya kazi. Kamati ya wanafunzi wenzako itakupokea na kukusaidia mwaka wa kwanza; baada ya hapo utajitegemea, wengi kwa mkopo wa serikali na vibarua. Basi kabla ya kuondoka, kaa na wazazi uwaeleze kwamba fedha utakazopewa ni za chakula na vitabu. Usiwaahidi karo ya wadogo zako. Ni aibu kulisema, najua, lakini lisemwe hapa kambini, lisingoje simu.

Tena angalia saa: darasa lao la saa 8 asubuhi ni saa 2 yetu.