Timu Ikiadhibiwa, Nani Ajibu?

Ukipita Chumbageni, hapa Tanga, jioni ya siku ambayo Bodi ya Ligi imetoa maamuzi yake, huhitaji kuuliza kuna nini. Kwenye meza ya kahawa, kwa kinyozi, kwenye kijiwe cha bodaboda, simu moja inazunguka mikononi mwa watu sita. Ni taarifa ya kurasa mbili hivi. Timu moja imetozwa faini kwa wachezaji wake kuingilia mlango usio rasmi, nyingine imechelewa kwenye kikao cha maandalizi ya mchezo, kocha fulani kafungiwa mechi kadhaa kwa maneno aliyomtolea mwamuzi. Chini ya kila tukio imewekwa namba ya kanuni. Kwanza watu wanabishana kama adhabu ni halali. Hilo haliwachukui muda mrefu. Ubishi unahamia haraka kwenye swali jingine, nalo ndilo linalokesha: mwenye timu kajibu nini?

Akikata rufaa, ataambiwa anapoteza muda. Akinyamaza ataitwa mwoga. Akiita waandishi wa habari akapiga meza, nusu ya kijiwe itasimama kumshangilia. Nimewasikia watu wazima, wenye akili zao, wakimpima kiongozi wa klabu kwa ukubwa wa sauti yake tu. Ninadhani kipimo hicho kimetudhuru, na sisi wa Tanga kimetudhuru kuliko wengi.

Tuanze na sakata ambalo kila mtu analijua. Jioni ya tarehe 7 Machi 2025, Simba walifika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho kabla ya kukutana na Yanga kesho yake. Walizuiwa getini. Usiku huohuo wakatangaza kwamba hawatapeleka timu, wakitaja Kanuni ya 17, kifungu cha 45, kinachoipa timu ngeni haki ya kufanya mazoezi walau mara moja kwenye uwanja wa mechi. Siku ya mchezo Bodi ya Ligi ikaahirisha pambano. Yanga wakaenda uwanjani kwa saa iliyopangwa kama vile hakuna kilichobadilika, kisha wakasema hawatacheza tena mechi hiyo, wanachotaka ni pointi zao. Wakafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ambayo iliwaelekeza wapitie kwanza ngazi za ndani ya nchi. Mechi ikapangwa tarehe 15 Juni, ikasogezwa hadi tarehe 25. Kabla ya siku hiyo mwenyekiti wa Bodi, Steven Mnguto, akajiuzulu, na mtendaji mkuu, Almasi Kasongo, akatakiwa kukaa pembeni. Yanga wakacheza, wakashinda 2-0, wakabeba ubingwa.

Kwa miezi mitatu na zaidi nchi ilijigawa katika makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na hoja. Mtu wa Simba alisema: nimenyimwa haki iliyoandikwa, nicheze vipi? Ni kweli haki ile imeandikwa. Lakini kanuni inayokupa haki ya mazoezi ni kitu kimoja, na ruhusa ya kutopeleka timu ni kitu kingine. Aliyezuiwa getini ana ripoti ya kamishna wa mchezo, ana mashahidi na ana picha, na anaweza kucheza mechi kwa pingamizi kisha akadai adhabu dhidi ya waliomzuia. Mtu wa Yanga naye alisema: bodi haiwezi kuahirisha mechi saa chache kabla ya filimbi, watu wameshasafiri kutoka Mbeya na Mwanza. Hilo nalo lina uzito mkubwa, na kama shabiki aliyewahi kulipa nauli kwenda Dar kutazama mpira nalielewa vizuri. Ila nao waliruka ngazi. Kwenda CAS kabla ya kumaliza kamati za nyumbani ni kwenda na kesi nzuri kwenye mlango usiofunguka.

Sasa hapa ndipo ubishi wa Chumbageni ulipokuwa tofauti na wa Kariakoo. Steven Mnguto, aliyekuwa mwenyekiti wa Bodi, alikuwa pia mwenyekiti wa Coastal Union, klabu yetu ya Tanga. Ni mtu wetu. Kwa hiyo Yanga walipotaka aondoke, wengine hapa walichukia kama waliotukanwa wao wenyewe. “Mgosi, huyu wanamwonea kwa sababu katoka Tanga,” mzee mmoja alisema, na hakuna aliyempinga kwa dakika nzima. Kijana aliyekaa pembeni akamjibu taratibu: “Shikamoo, babu. Lakini nakuuliza, Coastal ikiadhibiwa kesho, rufaa yetu tutampelekea nani? Mwenyekiti wetu aiandike halafu aipokee?”

Swali la kijana yule ni zito kuliko mechi yenyewe. Viongozi wa klabu wamo ndani ya chombo kinachoziendesha klabu hizohizo. Sisemi kwamba Mnguto aliipendelea Coastal. Sijaona ushahidi wa hilo. Nasema kwamba mpangilio wenyewe unaiweka pabaya klabu inayotoa mwenyekiti. Ikishinda malalamiko, watasema imebebwa. Ikionewa, mkuu wake hawezi kusimama hadharani kuitetea maana saini yake iko upande wa pili. Anayeongoza klabu ya Ligi Kuu asiwe mwenyekiti wa Bodi, hata akiwa mwadilifu kiasi gani. Tanga tungepaswa kuwa wa kwanza kulidai hilo, kwa faida yetu wenyewe.

Tena huyo mwenye timu tunayemwambia ajibu ni nani hasa? Kwa Uingereza jibu ni rahisi: kuna mtu au kampuni iliyoinunua klabu. Kwetu klabu kongwe ni mali ya wanachama. Ndiyo maana Mohammed Dewji alipoingia Simba kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, serikali ilisimamia kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49 na wanachama wabaki na 51. Yanga wana rais waliyemchagua, Hersi Said, na nyuma yao pana nguvu ya fedha ya kampuni ya GSM. Coastal, iliyoanzishwa mwaka 1948, na African Sports, iliyoitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, zote ni za watu wa mji huu. Mfadhili anakuja na kuondoka. Kwa hiyo faini ikitoka, anayelipa ni mfuko wa wanachama, na pointi zikikatwa ni zetu. Anayepiga meza mbele ya kamera mara nyingi analinda jina lake kwa mashabiki, na gharama ya meza ile haimfikii yeye.

Mfano wa karibu upo. Tarehe 2 Julai 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Coastal ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Abdul Suleiman, Sopu, akafunga mabao matatu peke yake siku hiyo. Mchezo ukaisha 3-3 na tukapoteza kwa penalti. Sisi tunaikumbuka kwa ajili ya Sopu. Kwa shirikisho la soka, TFF, ilibaki na kumbukumbu nyingine: mzozo kati ya msemaji wa Yanga, Haji Manara, na rais wa shirikisho, Wallace Karia. Kamati ya Maadili ikamfungia Manara miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 20. Vijiwe vilitaka Yanga wawashe moto. Maneno yalikuwa mengi, ni kweli, lakini kabla ya mwaka kwisha klabu ilikuwa na msemaji mwingine, Ali Kamwe, timu ikaendelea na kazi, ikachukua ubingwa wa 2022/23 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Yanga hawakudhoofika kwa kutogoma.

Kuna pia kisa ambacho ningependa kila mwanachama wa Coastal akijue kwa moyo, kwa sababu ni cha klabu isiyokuwa na umati. Aprili 2017 Kagera Sugar waliifunga Simba 2-1 Bukoba. Simba wakalalamika kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati iliyokuwa ikijulikana kama ya Saa 72 ikawapa Simba pointi tatu. Kagera hawakugoma. Waliomba shauri lipitiwe upya, likapelekwa kwenye kamati ya sheria na hadhi za wachezaji, na uamuzi ukatenguliwa; hoja zilizobeba uzito zilikuwa za utaratibu, kama muda wa kuwasilisha malalamiko na ada yake. Simba wakasema wataenda FIFA. Msimu ulipoisha Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na kombe likaenda Yanga kwa tofauti ya mabao. Pointi tatu zile zilikuwa ubingwa. Barua na kanuni za timu ya kiwanda cha sukari zilizirudisha.

Wapenzi wa Ligi ya Uingereza, nao ni wengi Chumbageni, wameona jambo hilohilo kwa ukubwa wake. Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023 kwa kuvunja kanuni za fedha. Mashabiki wao walifanya kelele nyingi uwanjani, tena kwa haki yao, lakini kilichoshusha adhabu hadi pointi 6 Februari 2024 ni rufaa iliyoshughulikia hesabu na uzito wa kosa. Miezi miwili baadaye Nottingham Forest, waliokuwa na adhabu yao ya pointi 4, walifungwa na Everton, wakaandika mtandaoni kwamba mwamuzi wa VAR alikuwa shabiki wa Luton, wapinzani wao katika vita ya kukwepa kushuka daraja. Waliishia kutozwa faini ya pauni 750,000. Pointi zao hazikurudi.

Najua jibu la mtu wa kijiweni, maana nimeambiwa mara nyingi: mbona mwaka 2025 kugoma kulifanya kazi? Ni kweli, kulifanya kazi. Yanga walisema hawachezi, viongozi wa Bodi wakaondoka, mechi ikachezwa. Hilo ndilo linaloniuma katika sakata lote lile, kuliko matokeo ya uwanjani. Lilifanya kazi kwa sababu ligi haiwezi kuishi bila pambano lile. Azam walisaini mwaka 2021 mkataba wa haki za matangazo wa zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka kumi, na hakuna anayedhani fedha hizo zinalipwa kwa ajili ya Coastal na Namungo. Mkubwa akisema sichezi, meza inaitishwa. Coastal wakisema hawachezi, mpinzani anapewa pointi tatu, faini inafuata, na gari la ligi linaondoka bila sisi.

Tunaijua adhabu ya kuachwa. Aprili 24, 2016, Mkwakwani, uwanja wetu wa nyumbani, nusu fainali ya kombe hilohilo la Shirikisho dhidi ya Yanga ilivunjika ndani ya muda wa nyongeza, tukiwa nyuma 2-1, baada ya vitu kurushwa kutoka majukwaani. Watu walikuwa na hasira na uamuzi wa waamuzi, na pengine walikuwa na haki ya kuhoji. Lakini tangu kitu cha kwanza kilipotua uwanjani, hakuna aliyejadili tena bao la Yanga. Ushindi ukapewa wao. Mwisho wa msimu huo Coastal, African Sports na Mgambo JKT zilishuka daraja zote tatu kwa pamoja, na mkoa mzima ukabaki bila timu ya Ligi Kuu. Coastal walirudi msimu wa 2018/19. Vijana waliokuwa na umri wa kucheza miaka ile walikwenda Dar, na wengine waliacha mpira.

Kwa hiyo jibu ninalolitaka kwa viongozi wa klabu yangu linaanza kabla ya adhabu. Coastal iwe na mwanasheria anayezisoma kanuni za msimu siku zinapotoka, sio siku ya kesi. Meneja wa timu aandike kila kinachotokea, saa kwa saa, kuanzia basi linapofika uwanjani. Pingamizi liende ndani ya muda na ada yake ilipwe, hata kama ni kesi ya faini ndogo, maana faini ndogo zikiachwa bila kuhojiwa zinageuka rekodi, na rekodi ndiyo kamati inayoitazama siku ya kosa kubwa. Kisha mashabiki waambiwe ukweli: tumekosa hapa, hapa tunapinga, jibu tunalitarajia tarehe fulani.

Upande wa Bodi nao una deni. Taarifa za maamuzi zinatupa kosa, adhabu na namba ya kanuni, basi. Hatuoni ushahidi uliotumika, wala sababu ya timu moja kupewa onyo na nyingine faini kwa jambo linalofanana. Kama sababu zingechapishwa, kijiwe kingekuwa na kitu cha kusoma badala ya kubahatisha nani kambeba nani, na klabu ndogo ingejua mahali pa kushika inapoandika rufaa yake.

Na pa kuanzia papo. Coastal ilimaliza ya nne msimu wa 2023/24 na kwenda kucheza Angola kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu uliofuata mechi zake kadhaa za nyumbani zilichezwa Dar na Arusha badala ya Mkwakwani. Simba walitufunga 3-0 Sheikh Amri Abeid tarehe 1 Machi 2025, wiki moja tu kabla ya sakata la Simba na Yanga, na watu wa Tanga waliitazama timu yao kwenye televisheni. Mkutano mkuu wa wanachama ukiitishwa, pale ndipo pa kumwuliza mwenyekiti barua zilizoandikwa kuhusu uwanja ziko wapi, ziliandikwa lini na zilijibiwa nini, na kumtaka azisome mbele yetu.