Yowe la Rubani

Sondu ni mji wa soko kando ya mto uendao Ziwa Viktoria, mahali Wajaluo na Wakipsigis wakutanapo kwa biashara. Mjaluo akifikwa na balaa hupiga nduru, nayo ndiyo yowe tulijualo sisi watu wa pwani. Alisikiaye huacha kazi yake akakimbia, wala haulizi kwanza ni nani aliaye.

Basi rubani aliye angani, asiye na jirani, hupiga yowe gani?

Yeye hutamka redioni "mayday" mara tatu. Neno hilo halihusiani na mwezi wa Mei. Katika miaka ya 1920 Frederick Stanley Mockford, mkuu wa redio katika uwanja wa Croydon, London, alitafuta neno litakaloeleweka upesi na marubani wa Kiingereza na wa Kifaransa pia, kwani ndege nyingi zilikwenda Paris. Akachukua matamshi ya Kifaransa yenye maana ya "nisaidieni". Mwaka 1927 mkutano wa redio wa Washington ulilikubali kwa dunia nzima.

Kisha rubani hutaja jina la ndege, taabu iliyompata, mahali alipo, analokusudia kufanya, na idadi ya watu aliowachukua. Wengine redioni hunyamaza. Taabu isipokuwa ya kufa na kupona, husema "pan-pan". Kuita kwa mzaha ni hatia katika nchi nyingi.

Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ng'ambo ya ziwa hilo hilo, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilitumbukia majini karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao, mmojawapo kijana Majaliwa Jackson. Watu 24 waliokoka. 19 walifariki, pamoja na marubani wote wawili.

Uwanja wa Kisumu nao uko kando ya ziwa, na wetu wa Manda, Lamu, uko kando ya bahari. Redio humfikishia habari aliye mbali. Lakini anayeshika mkono wa anayezama ni mvuvi aliye karibu. Huyo naye apewe mafunzo, kamba na mashua ya injini kabla yowe halijapigwa.