Siku Mia za Ngano: Walowezi wa Kwanza wa Mbuga za Kanada

Majimbo ya Manitoba, Saskatchewan na Alberta, yaliyoko kwenye mbuga za magharibi ya Kanada, huhesabiwa miongoni mwa maghala makuu ya ngano duniani. Aghalabu sifa hiyo hupewa mashine na ukubwa wa mashamba. Lakini kwa mlowezi wa mwishoni mwa karne ya 19, jambo lililoamua kama angebaki au angeondoka lilikuwa hesabu ya siku. Baina ya jalidi ya mwisho baada ya kipindi cha theluji na jalidi ya kwanza ya kipindi kilichofuata, mahali pengi palikuwa na siku 100 hivi tu. Usiku mmoja wa jalidi mwezi wa Agosti, punje zikiwa bado na maziwa, ulitosha kuzinyausha na kuondoa thamani ya kazi ya mwaka mzima.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Wacree, Wablackfoot na mataifa mengine waliishi humo kwa kuwinda baisani, jamaa wa nyati. Serikali ilitia nao saini mikataba saba kati ya 1871 na 1877, na muda mfupi baadaye makundi ya baisani yakawa karibu yametoweka. Walowezi wengi walipata fedha zao za kwanza kwa kuokota mifupa ya wanyama hao na kuiuza, ikasafirishwa kwa reli ikasagwe kuwa mbolea.

Sheria ya Ardhi ya 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10. Sharti lilikuwa akae humo miaka mitatu, ajenge nyumba na kuvunja sehemu ya ardhi kwa plau. Reli ya kuvuka nchi ilipokamilika mwaka 1885 njia ilifunguka, na wimbi kubwa la wahamiaji likafuata: wakazi wa Saskatchewan waliongezeka kutoka 91,000 hivi mwaka 1901 hadi 492,000 hivi mwaka 1911.

Mahali pasipo miti, nyumba ilijengwa kwa ardhi yenyewe. Plau ilikata mabamba ya udongo ulioshikwa na mizizi ya nyasi, nayo yakapangwa kama matofali, nyasi zikielekea chini. Ukuta huo mnene, wenye vijishimo vingi vya hewa, hupitisha joto polepole. Ndiyo maana jiko moja liliweza kuwaokoa watu wakati nje kipimajoto kilipofika 40 chini ya sifuri. (Mwanafunzi asiulize ni Selsiasi au Farenihaiti: hapo vipimo hivyo viwili hukutana.) Paa lilikuwa shida zaidi. Mvua iliponyesha siku moja, ndani palidondoka matope siku mbili.

Ngano iliyolimwa sana, Red Fife, ilitoa unga bora lakini ilichelewa kuiva. Mwaka 1892 ilichavushwa na Hard Red Calcutta, ngano ya India iliyowahi kuiva. Tangu 1903 mtaalamu Charles Saunders alichambua chotara waliopatikana, na kwa kuwa punje zilikuwa chache mno kusagwa na kuokwa mkate, alizitafuna. Donge lililovutika mdomoni kama ulimbo lilikuwa dalili ya gluteni nzuri. Hivyo ilipatikana Marquis, iliyoiva karibu wiki moja kabla ya Red Fife. Kufikia 1920 ndiyo iliyotawala mashamba ya mbuga hizo.

Ukame ulikuwa adui wa pili, na dawa yake iligunduliwa kwa bahati. Wakati wa vita vya mwaka 1885 kati ya serikali na Wametis pamoja na baadhi ya Wacree, wakulima wa Indian Head walipelekwa na farasi wao kubeba mizigo ya jeshi. Mashamba mengine hayakupandwa, yakalimwa tu baadaye. Mwaka uliofuata mvua ilikosekana, lakini Angus Mackay alivuna vizuri pale palipopumzishwa: kwa kuwa hapakuwa na mmea wa kunywa maji, unyevu wa mwaka mmoja ulibaki ardhini kwa mwaka wa pili. Desturi hiyo ikaenea kote.

Gharama yake ilichelewa kuonekana. Udongo ulioachwa uchi na kutifuliwa mara kwa mara ulipoteza mboji, chembe zake zikaachana. Ukame wa miaka ya 1930 uliukuta ukiwa unga mtupu, na upepo ukauinua hadi mchana ukatiwa giza. Maelfu ya jamaa waliyahama mashamba. Mwaka 1935 serikali iliunda idara maalumu ya kuokoa ardhi hiyo, na mnamo miaka hiyohiyo Charles Noble, mkulima wa Alberta, akabuni kisu kipana kilichopita chini ya ardhi na kukata mizizi ya magugu bila kupindua udongo, mabua ya ngano yakibaki yamesimama juu.